Fedha za Serikali kwa wanafunzi wa vyuo Tanzania, kutoka waranti ya reli hadi bumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu wa maombi, kutoka kwa waombaji wapya, wazazi wao, na wahitimu ambao tayari wanakatwa kwenye mshahara. Tumechanganya historia na utaratibu kwa makusudi. Kanuni nyingi zinazowashangaza watu leo zinaeleweka ukijua zilitokea wapi. Viwango hubadilika, kwa hiyo kabla ya kujaza chochote soma mwongozo wa mwaka wako wa masomo.

Wazazi wetu walisoma chuo bure. Kwa nini sisi tunakopeshwa?

Walisoma bila kulipa fedha, ila deni walikuwa nalo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 15. Nchi haikuwa na wahandisi, madaktari wala mahakimu wa kutosha, hivyo Serikali ilimsomesha kila aliyefaulu. Ililipa ada, bweni, chakula cha bwalo, posho ya vitabu, hata waranti ya kusafiria kwenda nyumbani likizo. Malipo yake yalikuwa kazi. Mhitimu alipangiwa kituo, akaenda.

Hesabu hiyo ilizua mgogoro mkubwa mwaka 1966. Serikali ilitangaza kuwa wahitimu wote watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo watafanya kazi za taaluma zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudi chuoni baadaye. Hoja iliyogombaniwa siku ile ndiyo ileile ya leo: aliyesomeshwa na umma anadaiwa nini? Wao walidaiwa miaka ya utumishi, wa sasa wanadaiwa shilingi.

Azimio la Musoma linahusikaje?

Kwa kiasi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza afanye kazi, na mwajiri na chama wathibitishe mwenendo wake. Ufadhili wenyewe haukuguswa. Kilichobadilika ni aina ya mtu aliyeupata: wengi wakawa watu wazima wenye ajira. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye.

Basi bure iliisha lini, na nani aliimaliza?

Iliisha kidogo kidogo, ndiyo maana hakuna tarehe moja ambayo kila mtu anaikumbuka. Bei ya mafuta ilipanda kwa vipindi viwili katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikausha hazina, na mazao ya nje yalikuwa yanapoteza bei. Mwaka 1986 Serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na bajeti za huduma za jamii zikabanwa. Mwaka 1988 ilitangazwa sera ya uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Utekelezaji ulianza Januari 1992.

Awamu ya kwanza iligusa vitu vidogo: nauli ya kwenda na kurudi, ada ya maombi, usajili, fedha ya tahadhari (dhamana ya uharibifu) na mchango wa serikali ya wanafunzi. Waranti ya reli ilikufa hapo. Awamu ya pili, mwaka 1993/94, ilifika kwenye tumbo, yaani chakula na malazi. Kwa kuwa wengi wasingeweza kulipa, Serikali ikaanza kuwakopesha kupitia wizara iliyosimamia elimu ya juu. Awamu ya tatu ilikuwa ifike kwenye ada yenyewe na gharama nyingine za masomo.

Mikopo ya wizara ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mwanafunzi alisaini fomu na kupokea fedha, lakini hapakuwa na chombo cha kumfuata baada ya kuhitimu. Wengi waliichukulia kama posho ya zamani iliyobadilishwa jina. Ukimkuta mhitimu wa miaka ile anayeshangaa kukuta makato kwenye hati yake ya mshahara leo, ndilo deni hilo. Bodi ilipewa jukumu la kukusanya mikopo yote iliyotolewa tangu 1994.

Bodi ya Mikopo ilianzishwa lini na ilibadilisha nini?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi huiita HESLB au Bodi tu, iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, sasa Sura ya 178, na ilianza kazi Julai 2005. Mwaka wake wa kwanza ilitoa takribani shilingi bilioni 56. Linganisha na bilioni 464 za mwaka 2020/21, bilioni 570 za 2021/22 na bilioni 654 za 2022/23.

Ilibadilisha mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa vyuo binafsi vyenye ithibati waliingia kwenye mpango sawa na wa vyuo vya umma. Pili, fedha zilianza kugawanywa kwa kupima uwezo wa familia. Tatu, ukusanyaji ulipata meno ya kisheria, na mwajiri akafanywa mkusanyaji.

Upimaji wa uwezo ndio uliowaka moto. Katika miaka ya mwanzo sharti la mwanafunzi kuchangia asilimia 40 ya ada lilizua migomo. Baadaye yakaja madaraja ya asilimia, na mwanafunzi akawa anajitambulisha kwa namba: "mimi nina themanini", "mimi nina ishirini". Lugha hiyo imebaki vyuoni hata baada ya mfumo kubadilika, na inapotosha, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

"Mkopo asilimia mia" maana yake nini hasa?

Mkopo hautolewi kama donge moja. Una vipengele: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kila kipengele hupangiwa kiasi chake. Mtu anaweza kupewa chakula na malazi yote, akakosa ada kabisa. Mwingine akapata vyote.

Mfano: ada ya kozi ni 1,300,000 kwa mwaka. Umepangiwa asilimia 60 ya ada, yaani 780,000, na hizo zinakwenda chuoni moja kwa moja, hutaziona. Pengo la 520,000 ni lako. Watu wengi husoma jumla ya mkopo kwenye akaunti yao, wakaona milioni tatu na ushee, wakadhani ada imekwisha lipwa. Novemba chuo kinawazuia kufanya mtihani wa majaribio. Ukifungua SIPA, akaunti yako ya mkopo ya mtandaoni, usianze na jumla ya chini. Angalia mstari wa ada, toa kwenye ada ya kozi, andika pengo hilo mahali, kisha kaa na nyumbani mzungumze namna ya kuliziba.

Bumu ni kiasi gani, na linatoka mara ngapi?

Bumu ni fedha ya chakula na malazi. Huhesabiwa kwa siku na hutolewa kwa mafungu, kwa kawaida la siku 60. Kiwango cha siku kimepanda kwa ngazi: 5,000, kisha 7,500, kisha 8,500, na kuanzia mwaka 2022/23 ni 10,000. Ndiyo sababu kwa miaka mingi vyuoni lilitajwa bumu la laki tano na kumi: 8,500 mara 60 ni 510,000. Kwa 10,000 fungu hilo ni 600,000, iwapo umepangiwa kiwango kamili. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, fungu la kwanza ndilo linalochelewa zaidi. Huwezi kulipwa kabla hujasajiliwa chuoni, kabla chuo hakijatuma orodha, na kabla hujasajili akaunti ya benki na alama za vidole kwenye mfumo wa malipo wa kidijitali, DiDiS. Tunashauri kila mara: nenda chuoni na fedha ya kujikimu ya wiki nne. Wiki mbili hazitoshi.

Bumu limetoka, wenzangu wamepata, mimi sina. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mambo madogo. Umesaini? Fedha ikifika chuoni hutakiwi kukaa tu kusubiri ujumbe wa benki. Unathibitisha kuwa upo, na asiyesaini ndani ya muda uliowekwa fedha yake hurudishwa Bodi. Kuifuata ikisharudi ni kazi ya miezi.

Kama umesaini, angalia akaunti ya benki. Iwe ya jina lako mwenyewe, jina liwe sawa na la chuo, na isiwe imelala. Akaunti uliyofunguliwa ukiwa kidato cha tano na haijaguswa kwa mwaka mzima huenda imefungwa bila wewe kujua.

La tatu ni usajili. Mwanafunzi ambaye hajakamilisha usajili wa muhula, mara nyingi kwa sababu ya lile pengo la ada, haonekani kwenye orodha inayotumwa Bodi. Hapo afisa mikopo wa chuo hana la kukufanyia mpaka ofisi ya fedha ikufungulie. Na kama ulirudia mwaka, uliahirisha, au matokeo yako hayajapelekwa, malipo husimama yenyewe. Mwone afisa mikopo ukiwa na kitambulisho, namba ya usajili na namba ya mtihani ya kidato cha nne. Bila namba hiyo ya kidato cha nne atakurudisha.

Kwa nini kila kitu kinategemea namba ya kidato cha nne wakati mimi nimemaliza cha sita?

Kwa sababu kila mwombaji anayo, awe amepitia kidato cha sita au stashahada. Ndiyo inayounganisha jina lako kwenye Baraza la Mitihani, chuo kilichokudahili na Bodi.

Tatizo huja kwa waliorudia mtihani. Una namba mbili, ya shule na ya mtahiniwa wa kujitegemea. Ukaomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine. Mfumo unakuona watu wawili: mmoja ana udahili bila mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo bila udahili. Hutapangiwa kitu, na hakuna ujumbe utakaokueleza kwa nini. Tumia namba ileile kote, na zile nyingine ziorodheshe pale fomu inapouliza kama uliwahi kufanya mtihani zaidi ya mara moja.

Nani anastahili kuomba?

Mtanzania aliyedahiliwa kwenye chuo chenye ithibati, asiye na ajira au kipato cha kujisomesha, asiyezidi miaka 35 wakati wa kuomba, na aliyemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka ya karibuni. Miongozo ya hivi karibuni imekuwa ikikubali miaka mitano. Kustahili ni kuruhusiwa kusimama kwenye foleni tu. Kupata kunategemea uhitaji, kozi na bajeti. Yatima, wenye ulemavu au wazazi wenye ulemavu, na waliosomeshwa na TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, au taasisi nyingine kwa sababu ya umaskini wana uzito zaidi, mradi wawe na nyaraka za kuthibitisha.

Nieleze hatua za maombi, na pale watu wanapoharibu.

Maombi yote hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni, OLAMS, baada ya dirisha kufunguliwa. Kazi halisi lakini huanza miezi kabla.

Anza na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki, lazima vihakikiwe huko kwanza. Waliozaliwa Zanzibar huhakiki kwa wakala wa usajili wa huko. Waliozaliwa nje ya nchi, au ambao mzazi alifia nje, wana fomu yao maalumu. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Barua ya mchungaji au ya sheikh pia siyo. Kama mzazi alifariki miaka kumi iliyopita na familia haikuchukua cheti, kianze kutafutwa leo, kwa sababu usajili uliochelewa una mlolongo wake. Kila mwaka kuna yatima halisi wanaopangiwa kama watoto wa wazazi wawili walio hai kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Linganisha majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema Juma Ally, cheti cha kidato cha nne kinasema Rehema J. Ali. Kwako ni mtu mmoja, ila kwenye mfumo huenda wakawa wawili. Tofauti kubwa inahitaji hati ya kisheria ya majina.

Ukiingia OLAMS, jisajili kwa simu yako na barua pepe yako. Hapa ndipo steshenari zinapowaponza watu. Kijana wa kompyuta anaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka, nenosiri analiweka yeye, na Oktoba mwombaji hawezi kufungua akaunti wala kujua alipangiwa nini. Lipa ada ya maombi, ambayo imekuwa 30,000 na hairudishwi, kwa kumbukumbu namba ya malipo ambayo mfumo wenyewe unakupa. Usilipe kwa namba ya mtu mwingine, hata kama anakuhakikishia kuwa zote zinaingia serikalini.

Ukishajaza, unachapa fomu na mkataba. Kurasa za saini zinapita kwa watu wanne: wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Mdhamini abandike picha na kitambulisho chake. Mwenyekiti asaini na agonge muhuri. Saini bila muhuri inarudishwa. Kisha unaskani kurasa hizo na kuzipakia. Skani iliyopinda, giza, au iliyokata ukingo wenye muhuri ni sababu ya kawaida ya maombi kubaki hayajakamilika. Mwisho wa yote, bonyeza kitufe cha kuwasilisha. Tunalisema kwa sababu wapo wanaopakia kila kitu na kuishia hapo.

Mdhamini anajiingiza kwenye nini?

Anaahidi kisheria kwamba mkopaji atalipa, na kwamba yeye atatoa taarifa za alipo. Wazee wengi husaini kwa heshima ya familia bila kusoma. Msomee mkataba kabla hajasaini, hata kama ni babu yako na anakuambia hana haja.

Nimechaguliwa vyuo vitatu. Mkopo utakwenda kipi?

Kile utakachothibitisha kupitia utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Mpaka uthibitishe, Bodi haina pa kukupangia. Ukihama chuo au kozi baadaye, hama kupitia dirisha rasmi. Mwanafunzi anayehama kimya kimya huacha mkopo wake kwenye chuo cha zamani.

Nimekosa, au nimepata kidogo. Rufaa inasaidia?

Inasaidia ukiwa na kitu kipya cha kuonyesha. Subiri kwanza awamu zote za upangaji zitangazwe, kwa kuwa majina hutoka kwa awamu na wengine huonekana kwenye ya pili au ya tatu. Dirisha la rufaa likifunguliwa, pakia nyaraka ambayo haikuwepo: cheti cha kifo kilichohakikiwa, fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, uthibitisho wa ufadhili wa sekondari. Barua ndefu ya kueleza shida bila nyaraka haibadilishi alama zako. Tunajua inauma kusikia hivyo.

Asilimia 8, asilimia 15, asilimia 6: namba hizi zote ni za nini?

Hapa ndipo historia inapogusa mfuko. Awali mhitimu aliyeajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mapema 2017 watumishi wakaanza kuyaona. Juu ya hayo palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa, na asilimia 1 ya uendeshaji.

Chukua mkopo wa 12,000,000 na mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 8 ya mshahara ni 64,000 kwa mwezi, au 768,000 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 ya milioni 12 ni 720,000 kwa mwaka. Yaani mwaka wa kwanza deni lilipungua kwa 48,000 tu. Kwa mwendo huo, na mshahara usiopanda, kulipa kungechukua zaidi ya miaka 40. Waliosema "nalipa lakini deni haliishi" hawakuwa wanalalamika ovyo. Hesabu ilikuwa upande wao.

Kwa asilimia 15 makato ni 120,000 kwa mwezi. Pamoja na tozo ile deni lingeisha kwa kama miaka 11 na nusu. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa. Kwa mfano wetu, milioni 12 pamoja na asilimia 1 ni 12,120,000, na kwa 120,000 kila mwezi unamaliza kwa miezi 101, miaka minane na miezi mitano.

Kwa maoni yetu, kufuta tozo ile kulimsaidia mkopaji kuliko badiliko jingine lolote tangu 2005. Gharama yake inabebwa na mfuko: shilingi inayorudi baada ya miaka kumi hainunui kile ilichonunua ilipotoka, na mwombaji wa kesho anategemea hiyohiyo.

Naanza kulipa lini?

Ukiajiriwa, mwajiri anapaswa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 na kuanza kukata. Usipoajiriwa, una kipindi cha matazamio cha miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyejiajiri analipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba, benki au kwa simu. Kiwango kilichowekwa ni kisichopungua 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato.

Tahadhari kwa waajiriwa wapya: usikimbilie mkopo wa benki kabla makato ya Bodi hayajaanza. Benki itakukokotolea kwa mshahara mzima, kisha miezi mitatu baadaye asilimia 15 inaingia, na unabaki ukichungulia theluthi moja ya mshahara.

Mwajiri wangu ni kampuni binafsi na hakati. Si kosa langu, au sivyo?

Kosa ni lake kisheria, na ana adhabu yake. Deni linabaki lako. Mpe idara ya utumishi barua yenye namba yako ya kidato cha nne, bakiza nakala iliyopokelewa, na wakati mnasubiri lipa mwenyewe. Kama anakata lakini hapeleki, hati za mshahara ndizo ushahidi wako, kwa hiyo zitunze zote.

Kuna fedha ya Serikali isiyorudishwa?

Ipo, ila ni nyembamba. Tangu 2022/23 kuna Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri sana kwenye tahasusi za sayansi kidato cha sita, na hulipia gharama za masomo bila kudai marejesho. Orodha ya wanaostahili hutokana na matokeo, na unatakiwa kuthibitisha kwenye mfumo kabla ya mwisho wa muda. Ukifikiria, ni kama utaratibu wa 1961 umerudi kwa mlango wa nyuma, kwa watu wachache na bila sharti la kupangiwa kituo.

Nasoma stashahada. Nimeachwa nje?

Zamani ulikuwa nje. Kuanzia 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada za kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. Kozi nje ya orodha hazimo. Wanaosoma Shule ya Sheria kwa Vitendo nao wana dirisha lao.

Mimi ni Mzanzibari. Niombe wapi?

Zanzibar ina bodi yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Mzanzibari anaweza pia kuomba ya Muungano. Huwezi kuchukua zote mbili kwa masomo yaleyale. Amua mapema kwa sababu tarehe za madirisha hazilingani.

Kenya wanafanyaje?

Wao walianza kukopesha mapema, kwa mfuko wa mwaka 1952 uliowasaidia waliokwenda kusoma nje. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, nao ukakwama kwenye ukusanyaji kama wizara yetu ilivyokwama, na mwaka 1995 wakaunda bodi yao ya mikopo, HELB. Mkopo wao wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4. Mwaka 2023 walileta mfumo unaochanganya ufadhili na mkopo kwa kupima familia, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha katiba. Shauri likaendelea kwenye rufaa.

Nimemaliza deni, lakini mwezi huu nimekatwa tena. Na mwenzangu hakuwahi kukopa, naye anakatwa.

Hutokea. Orodha ya makato ya mwezi hufungwa mapema, hivyo fungu moja la ziada si ajabu. Ingia kwenye akaunti yako, chapa taarifa ya mkopo inayoonyesha salio sifuri, omba hati ya kumaliza deni, kisha omba kurejeshewa ukiambatanisha hati za mshahara za miezi iliyozidi na namba ya akaunti ya benki. Mwenzako ambaye hakukopa mara nyingi amegongana jina na mnufaika mwingine. Aombe uthibitisho kuwa si mnufaika kwa kutumia namba ya kidato cha nne, na nakala yake aipeleke kwa mhasibu kabla orodha ya mwezi unaofuata haijafungwa.